Tanggu Horo na Pikipiki Iliyokataa Kushoto

Tanggu Horo ndiye mtu pekee ninayemjua aliyempiga nyati ngumi ya uso, na nyati akakaa chini. Nilikuwepo. Wengine watakuambia nyati yule alikuwa mgonjwa, kwamba alikuwa akikaa chini hata bila kupigwa. Usiwasikilize. Hao ni watu wa kijiji cha juu, na Tanggu amewang'oa meno karibu ukoo mzima, kwa hiyo wana sababu zao.

Mimi ninayemwandika ni Deta, ambaye Kodi nzima, nchi yetu hii ya kisiwani, huniita Mjomba, mpaka mapolisi. Shule niliacha darasa la nne, mwalimu alipogundua kwamba namzidi maneno. Lakini injini naijua. Nimefungua injini nyingi kuliko sahani za wali ulizokula wewe, na zote nikazifunga tena, isipokuwa chache ambazo wenyewe walikuwa wananiharakisha.

Tanggu ni mfupi. Nalisema hilo mapema kwa sababu yeye hulikataa. Mfupi, mabega kama mlango wa zizi, mdomo mwekundu kwa tambuu, na panga kiunoni tangu alipoachishwa kunyonya. Huku kwetu wanaume wote tunavaa panga, hata ukienda kanisani, kama wewe unavyovaa mkanda. Ila mapanga yetu mengi hukata nazi na kuni. La Tanggu halikuwa likipata nafasi ya kushika kutu.

Alimwoa Tari, binti wa marehemu dada yangu. Tari anamzidi urefu kichwa kizima na mkono wake si mwepesi. Siku ya kwanza Tanggu alipompandishia sauti, Tari alimpiga na sufuria ya uji, uji ukiwemo. Baada ya hapo waliishi vizuri, kwa kadiri ya watu wa aina yao.

Kabla ya Tari alikuwepo Mete. Mete alikuwa farasi, mweusi tii, mwenye hasira kama bwana wake. Walikuwa wakiingia pamoja kwenye pasola, ule mchezo wetu wa kurushiana mikuki farasi wakiwa mbioni. Serikali ilishaagiza mikuki iwe butu. Basi Tanggu akirusha mkuki butu, unatoboa. Mwaka mmoja alimtoa mtu jicho, na yule mtu akainuka damu ikimchuruzika shavuni, akamsifu kwa shabaha. Ndivyo inavyotakiwa. Damu ikidondoka uwanjani mpunga unastawi, na hakuna kinyongo.

Kinyongo kilikuja mwaka Mete alipotumbukiza mguu shimoni katikati ya mbio. Mfupa ulitoka nje ya ngozi, mweupe kama muhogo uliomenywa. Tanggu alirushwa akaanguka kwa uso, akainuka bila meno mawili ya mbele, mikuki ikimpita juu ya kichwa, akatembea mpaka alipo farasi wake. Akapiga magoti. Akamkata koo mwenyewe, pigo moja tu, damu ikamrukia mpaka kwenye kope. Halafu akavua ile hatamu ya singa nyeusi iliyosukwa pamoja na vitambaa vyekundu, akajivisha shingoni, akarudi uwanjani kwa miguu kumtafuta mtu aliyecheka. Alimpata. Aliyecheka siku hizi anakula vya majimaji.

Farasi mwingine hakumtaka. Alinunua pikipiki, akaja kukaa nasi pale kijiweni penye njia panda, akawa bodaboda. Alikuwa dereva mzuri sana, ukiondoa ile hofu ya kufa aliyowatia abiria. Hakuna aliyemkopa Tanggu nauli. Hakuna aliyemwambia apunguze mwendo. Madereva wa kijiwe cha sokoni walipokuja kutuchukulia abiria, sisi wengine tulikuwa tunashauriana twende tukawaone kwa maneno. Tanggu hakushauriana. Aliwasha, akavuta mafuta mpaka mwisho, akamgonga kiongozi wao ubavuni yeye na pikipiki yake, wote wakaingia kwenye meza ya muuza samaki. Yule kiongozi alivunjika mbavu. Muuza samaki alivunjika pua, ingawa hakuwa na kosa lolote zaidi ya kukaa. Na usukani wa pikipiki ya Tanggu ukapinda kama shingo ya kuku aliyenyongwa.

Hapo ndipo habari yenyewe inapoanza.

Tari ana kaka yake, Muda, mchomeleaji vyuma. Uani kwake kumejaa maiti za pikipiki: matangi, magurudumu, ekzosi zilizotoboka. Muda ni mtu wa kelele na dharau, ndimi zake mbili zote zinauma. Tanggu alipokwenda kutafuta usukani, nilikuwa nimekaa pale natafuna tambuu, nikasikia yote.

"Shemeji, chukua huu," Muda akamwambia. "Mrefu, mpana, kama pembe za nyati. Hata wewe utaonekana una kimo."

"Rudia."

"Nimesema utakupendeza."

"Umetoka kwa nani?"

"Umetoka kwa pikipiki, shemeji. Ulitaka utoke kwa mbuzi?"

Tanggu akamkaba koo kidogo, kwa mazoea tu ya kishemeji, akauchukua, akaenda.

Aliufunga mwenyewe. Hakuwa akiruhusu mkono wa mtu kwenye pikipiki yake. Na alipomaliza kufunga usukani, akafanya jambo ambalo nadhani halijafanywa na fundi yeyote duniani nje ya Kodi: akachukua hatamu ya Mete, akaizungushia pale chini ya usukani, shingoni mwa pikipiki, ili nguvu ya farasi iingie kwenye chuma. Hatamu ya farasi wa pasola haifungwi kama kamba ya kiatu. Mtu anakanyaga kwa mguu, anavuta kwa mikono miwili, mpaka singa zinalia. Wote tuliiona, tukamwambia imependeza. Kweli ilipendeza.

Abiria wa kwanza kuumia alikuwa karani wa kanisa. Walikuwa wanakata kona ya kushoto pale kwenye chemchemi, pikipiki ikapiga kelele yenyewe kama nguruwe aliyechomwa mkuki, ikaruka, ikaingia kwenye mianzi. Karani alipasuka taya. Tanggu akainuka akiwa na mwanzi umemchoma pajani, na badala ya kumwinua karani akaanza kumpiga, akidhani ndiye aliyenyoosha mkono akagusa mafuta.

Kesho yake akaja kwangu anachechemea.

"Mzee Deta, huyu ana wazimu."

"Nani, karani?"

"Pikipiki."

Nikaiwasha, nikaisikiliza. Ikiwa imesimama imenyooka, sailensi yake ilikuwa safi. Sailensi ni ule mngurumo mdogo wa injini isiyovutwa mafuta, kama pumzi ya mtu aliyelala. Fundi mjinga hana habari nayo. Mimi nilipunguza skrubu yake pale kwenye kabureta: injini ikazimika. Nikaongeza: ikarudi. Nikafungua kabureta, nikapitisha unyoya wa kuku kwenye matundu, nikaosha kwa petroli. Nikatazama plagi, rangi yake nzuri. Nikazungushia kitambaa kibichi pale kabureta inapoungana na injini, nijue kama kuna hewa inaingia kwa wizi. Hakuna. Nikasema sasa niipeleke barabarani kidogo nione inafanyaje, nikainua kichwa, Tanggu alishaikalia na kuondoka. Ndivyo alivyo. Subira yake ni ya kiberiti.

Wiki ile ile kulikuwa na msiba mkubwa kijiji cha pili. Tanggu alibeba nguruwe wa watu wa mkewe, dume zito, amefungwa miguu na kulazwa nyuma kwenye kiti. Nguruwe analia, Tanggu amejifunga kilemba kipya, anaingia uwanjani kwa maringo mbele ya wageni wote. Njia ya kuingilia inakata kushoto. Akageuza usukani.

Pikipiki ikapiga ukelele. Ikapita katikati ya wapiga gongo, zile sahani kubwa za shaba zinazogongwa msibani. Gongo moja kubwa lilibingirika mpaka kwenye vyungu vya wali, mzee mmoja akavunjika mguu chini ya goti, nguruwe akakatika kamba, akamng'ata mama mmoja mkononi na nyama ikatoka. Watu wa msiba hawakungoja maelezo. Walimvamia Tanggu kwa magongo na mawe, naye akapigana kama anavyopigana, mgongo ukutani, anacheka na damu mdomoni. Mimi pia nilipiga watu wawili, japokuwa hadi leo sijui walikuwa upande gani.

Katikati ya vurugu mtu akapaza sauti: "Usukani ule ni wa yule kijana aliyeanguka na pikipiki yake akafa korongoni! Damu yake bado moto! Ndiye anayevuta mafuta!"

Vurugu ikasimama. Huku kwetu mtu akifa kwa kisu au kwa kuanguka, damu yake ni moto, na roho yake haitulii mpaka ipozwe. Hakuna mwenye akili anayeweka nyumbani kitu chake. Tanggu akamtazama msemaji. Akaitazama pikipiki. Nikamwona anafikiri, na kwa Tanggu hilo ni jambo la kuogopesha kuliko ngumi.

"Muda aliujua," akasema taratibu. "Alicheka wakati ananipa. Aliujua."

Asubuhi iliyofuata Tari alikuja kwangu mbio, mdomo umevimba, kanga imefungwa ovyo.

"Mjomba, inuka! Anakwenda kumuua kaka."

"Nani kasema?"

"Kasema mwenyewe. Kachinja kuku, kampasua, kasoma ini. Anasema mstari wa ini umeelekea kwa Muda."

"Nyumba za watu wengi ziko upande huo."

"Ndivyo nilivyomwambia! Ona alivyonijibu." Akagusa mdomo. "Na mimi nimemjibu, utamwona jicho. Lakini ameapa, Mjomba. Ameapa juu ya kuku kwamba panga halitarudi alani kavu. Sasa hivi analinoa. Akimuua kaka yangu nitabaki na nani? Yeye watamuua watu wetu kabla jua halijatua. Nitazika wawili siku moja."

Nikachukua spana zangu, nikampakia kwenye pikipiki yangu, tukaenda.

Tulimkuta Tanggu amekaa kwenye baraza ya mianzi, jiwe la kunolea mapajani, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Shhh, shhh, panga juu ya jiwe. Anatema mate, ananoa. Pikipiki imesimama uani.

"Karibu, mzee," akasema bila kuinua kichwa. "Kama umekuja kunizuia, keti upumzike, umezeeka."

"Nani kakuzuia? Ua watu, ni kazi yako. Mimi nimekuja kuitazama pikipiki. Juzi uliniondokea sijamaliza."

"Haina ugonjwa. Ina maiti."

"Basi niitazame hiyo maiti."

Akafikiri kidogo. "Tazama. Panga likikata unywele, naondoka. Kabla ya hapo, tazama unavyotaka."

Sijawahi kufanya kazi na saa ya namna ile. Shhh, shhh. Nikawasha injini. Pumzi ya mtu aliyelala. Nikagusa skrubu, nikagusa kabureta, nikatikisa waya za umeme, nikavuta mkono wa mafuta na kuuachia: unarudi, ila kwa uvivu, kama mtoto aliyetumwa. Hilo nikaliweka akilini. Nikafunga mkono, nikafungua, nikafunga. Nyuma yangu Tanggu aling'oa unywele mmoja kichwani akaupitisha kwenye makali. Haukukatika. Akaendelea kunoa.

"Mjomba, harakisha," Tari akaninong'oneza.

"Injini haiogopi mume wako."

"Mimi je?" Na kwa hasira akataka kupita kati yangu na ukuta, pikipiki ikamzuia, akaushika usukani akausukuma kushoto apate njia.

Injini ikapiga ukelele uani mle, kuku wakaruka juu ya paa. Hakuna mkono uliokuwa kwenye mafuta. Tari akarudi nyuma, akajishika kifua.

"Unaona?" Tanggu akasema. Ananoa. "Anaamka."

"Rudisha," nikamwambia Tari. Akarudisha usukani katikati, injini ikalala. "Peleka kulia." Ikalala tu. "Kushoto." Ukelele.

Nikapiga magoti, nikaingiza kidole chini ya usukani, na hapo, msomaji wangu, ungekuwepo ungenipigia makofi. Kebo ya mafuta inatoka kwenye mkono wa kulia, inashuka shingoni mwa pikipiki, inaingia kwenye kabureta. Usukani wa zamani ulikuwa mfupi, kebo ilikuwa na nafasi yake. Usukani huu ni mrefu na mpana, kebo imevutwa mpaka imenyooka. Hilo peke yake lingevumilika. Lakini shingoni pale hatamu ya Mete ilikuwa imeibana kebo kwa fundo kama la kamba ya kunyongea. Imeshikwa, haiwezi kuteleza. Ukigeuza kushoto, ule mkono wa kulia unakwenda mbali, kebo inataka kuufuata, fundo halitoi nafasi, basi inavuta mlango wa mafuta ufunguke. Ni kama mtu amesokota mafuta mpaka mwisho, na huna pa kuyafungia.

"Tanggu!" nikaita. "Hakuna maiti hapa. Ni fundo! Hatamu imebana kebo. Nikiikata tu..."

Sauti ya kunoa ikasimama.

"Ukikata nini?"

"Hatamu. Hapa, mahali pamoja tu, kidogo."

Aliruka kutoka barazani. Nilikuwa nimeshatoa kisu. Alinipiga teke la mkono kisu kikaenda kwenye chungu cha maji, kisha akanishika shingo akanibana juu ya ekzosi yenye moto wa injini, nikasikia ngozi ya shavu langu inaungua.

"Gusa hatamu ya Mete," akaniambia sikioni kwa upole kabisa, "nikuchune kama nguruwe, mkwe au si mkwe."

"Fungua wewe basi! Mwenyewe! Legeza tu!"

"Haifunguliwi. Nimeifunga na damu yake ikiwamo."

Tari alimvamia kwa nyuma, wakaanguka wote, wakabingirika mpaka kwenye nguzo za nyumba. Alimng'ata bega. Yeye akamrusha pembeni, akainuka, akaokota panga, akang'oa unywele. Ukakatika vipande viwili.

Akapanda pikipiki, akaondoka.

Tulimfuata na pikipiki yangu, Tari nyuma yangu na mchi wa kutwangia mpunga ameulaza mapajani. Nilivuta mafuta mpaka machozi yakanitoka. Mbele yetu vumbi lake. Njia ya kwenda kwa Muda inapinda kulia, kisha kulia tena, na kulia pikipiki yake ilikuwa haina neno, anazidi kutuacha. Nikamsikia Tari mgongoni kwangu anamwita mama yake aliyekufa.

Lakini mwisho wa njia, juu kabisa, unaingia uani kwa Muda kwa kukata kushoto, katikati ya makaburi ya mawe ya wazee wao.

Tulifika tukaona. Muda alikuwa amechuchumaa anachomelea, miwani myeusi usoni, cheche zinaruka, hana habari. Tanggu alikuwa ameshika usukani kwa mkono mmoja kama anashika hatamu, panga juu mkono wa kushoto, vilevile kama siku za pasola. Akageuza kushoto. Pikipiki ikapiga ukelele ikamtoka mikononi. Ikapiga kaburi la baba yake Muda kwa kifua. Tanggu akaruka juu, akashukia jiwe la pili kwa bega, tukasikia mfupa wa mtulinga unavunjika kama kuni kavu. Pikipiki ikakwama kati ya mawe mawili, usukani umegeukia kushoto, gurudumu la nyuma linaning'inia hewani linazunguka kama lina pepo, injini inalia, moshi mtupu.

Muda akavua miwani. Akaona panga. Hakuuliza. Alinyakua bomba la chuma akamwahi Tanggu mbavuni kabla hajasimama vizuri.

"Mbwa wewe! Kwenye kaburi la baba!"

"Uliniuzia maiti!"

"Nilikuuzia chuma, mjinga wewe!"

Tanggu alipigwa mara ya pili, begani palepale palipovunjika, akanguruma, lakini mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Panga likapita. Muda aliinua mkono kujikinga na vidole viwili vikaondoka, nikaviona vinaruka kama mbegu za papai. Bomba likaanguka. Muda naye akaanguka chali, na Tanggu akamkanyaga kifua, akainua panga. Watu wanatoka majumbani wanapiga mayowe. Tari anakimbia, lakini yuko mbali. Mimi nilikuwa mbali zaidi, ila pikipiki yake ilikuwa karibu nami.

Kisu changu kilibaki kwenye chungu cha maji kule nyumbani. Nilitoa panga langu, ambalo kwa miaka yote limejua nazi tu, nikalipitisha chini ya lile fundo, nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Hatamu ikakatika. Kebo ikarudi mahali pake kwa mlio mdogo, tak, na injini ikashuka. Ikashuka mpaka pumzi ya mtu aliyelala. Ukimya ulioingia pale uani ulikuwa mzito kuliko zile kelele, kila mtu akageuka.

Tanggu akageuka pia. Akaisikiliza pikipiki. Usukani bado umelala kushoto na injini inanguruma polepole. Halafu akaniona nimeshika kipande cha hatamu ya Mete mkononi.

Alimsahau Muda palepale. Alinijia mimi. Sikukimbia. Waongo watakuambia nilijaribu na mguu ukanasa kwenye gurudumu. Panga lilikuwa linakuja shingoni, nikainamisha kichwa, likachukua sikio langu la kushoto, nusu ya juu, safi kabisa. Alipoliinua mara ya pili, mchi wa Tari ulishuka kwenye kiwiko chake. Nilisikia mlio. Tanggu alikaa chini, taratibu, mikono yote miwili imekufa, kama nyati yule.

"Basi," Tari akamwambia, anahema. "Basi. Sikiliza kwanza. Mjomba, mwonyeshe."

Nikamwonyesha, damu inanimwagikia shingoni. Nikageuza usukani kushoto: pumzi. Kulia: pumzi. Nikaibana kebo kwa vidole viwili pale palipokuwa na fundo, nikageuza kushoto: ukelele. Nikaiachia: pumzi. Nikarudia. Hata watoto walielewa. Tanggu alitazama vidole vyangu, hakupepesa.

Wanaume wa ukoo wa Muda walikuwa wameshamzunguka, mapanga nje. Mtu ukimtoa damu kaka wa mkeo, uani kwake, juu ya kaburi la baba yake, kuuawa ni jambo la kawaida tu. Tari alisimama juu ya mumewe na ule mchi, akawatazama mmoja mmoja, lakini walikuwa wengi.

"Mwacheni," Muda akasema. Alikuwa amekaa ameegemea kaburi, mkono ameufunga na shati, uso wa kijivu. "Akifa nitafaidi nini? Vidole havirudi. Atoe kitu."

"Nyati," mmoja akasema. "Nyati na farasi."

"Kutoa nyati hakutamuuma, hana hata mmoja, ataazima kwa watu. Nataka kimuume kama mkono wangu unavyoniuma." Akanionyesha kwa kidevu. "Nataka ile hatamu. Niichome hapa hapa, aone."

Tari akainama. "Mpe. Tanggu, mpe tu, twende nyumbani."

"Chukua pikipiki," Tanggu akasema.

Mtu mmoja akacheka, akaacha.

"Umesema nini?" Muda akauliza.

"Pikipiki. Chukua. Ni yako na kila kitu chake. Hatamu sitoi. Nikateni."

"Na sisi tutakula nini?" Tari akapiga kelele. "Kamba?"

"Nitalima."

"Wewe? Ulime?"

Muda alikuwa anataka kusema neno la kuuma, namjua, ni mtoto wa dada yangu. Badala yake akatema mate pembeni, akasema, "Niwekeeni ndani," na vijana wakaichomoa pikipiki kati ya mawe. Mimi nikatembea mpaka alipo Tanggu, nikamwekea vipande vya hatamu mapajani, kwa sababu mikono yake haikuweza kushika. Hakunishukuru. Wala sikio hakuniomba radhi.

Sasa Muda ndiye bodaboda. Klachi anaishika kwa vidole vitatu. Nilimtafutia kebo ndefu, nikaipitisha njia yake ya haki, pana nafasi ya kutosha, unaweza kugeuza kushoto mpaka mwisho na injini isikohoe. Kazi yangu hiyo, waulize.

Tanggu analima mahindi, vibaya. Bega lilipona limepinda na kiwiko hakinyooki, hatamu aliiunga akaivaa shingoni. Nimemweleza habari ya kebo mara nyingi, hata kwa kumchorea ardhini. Ananisikiliza mpaka mwisho, anatafuna tambuu.

"Mzee Deta," ananiambia, "kebo haina akili. Mete alikuwa nayo. Alinitupa pale kwa sababu hakutaka nimuue kaka yake Tari."

"Vidole je? Na sikio langu?"

"Hayo hakuyakataza."

Na kila asubuhi kabla ya kwenda shambani hupita kwa Muda. Hasalimii. Muda akimwona anaingia uani, huokota lile bomba la chuma na kusimama nalo mlangoni. Tanggu huenda moja kwa moja kwenye pikipiki, huiwasha kwa mguu, huusukuma usukani kushoto kwa ule mkono usionyooka, na hungoja ukelele, kichwa ameinamisha. Injini hunguruma vilevile, polepole. Huurudisha katikati, hujaribu tena. Kisha huizima, hutema mate mekundu ardhini, na kuondoka, na Muda halishushi bomba mpaka mgongo wa Tanggu upotee nyuma ya makaburi.